Mwacheni Amalize Neno Lake

Kaka yangu aliniita Butihinda, kwetu Muyinga, akisema kuna jambo la shamba. Nilifika, nikala maharagwe na ndizi, akasubiri nishibe, ndipo akasema neno lake lenyewe. Hapakuwa na shamba. Alitaka nimtafutie binti yake nyumba ya kufanyia kazi Gitega.

"Wewe uko mjini, unajua watu," alisema. "Nyumba ya watu wa heshima tu. Afue, apike, abebe mtoto wao mgongoni. Atakula vizuri kuliko hapa."

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amechuchumaa hapo hapo mlangoni anachambua maharagwe, anasikia kila kitu, na vidole vyake havikusimama hata kidogo.

Nikauliza, na shule? Kaka akacheka kwa pua. Shule! Mwaka wa kwanza karudia, mwaka wa pili karudia, na mwalimu kamwambia baba mtu waziwazi kwamba mtoto huyu hakuumbiwa kusoma. "Kumsomesha huyu ni kutwanga maji kwenye kinu," alisema. "Nina wengine nyuma yake, na madaftari hayaoti shambani."

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mapema ili msije mkanitafuta upole mahali ambapo haupo. Nilikwenda nayo Tanzania nikiwa mgongoni mwa mama, nikakua nayo huko ukimbizini, nikarudi nayo amani ilipokuja. Watu huniambia hasira hasara. Hasara ya nani? Siku ile ningekuwa mpole, mtoto yule angekuwa anafua nepi za watu mpaka leo.

Asubuhi yake nilimshika mkono nikaenda naye shuleni nikajionee kwa macho yangu. Alikuwa hajakanyaga huko tangu maharagwe yaanze kuvunwa. Nilimwingiza darasani, mimi nikasimama dirishani. Dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo nilisikia yote. Mwalimu alisoma mstari ubaoni kwa Kirundi, darasa likaurudia kwa sauti moja kama kwaya. Vizuri. Kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja, na hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka. Mtoto akianza neno na akasita, hata kiasi cha kumeza mate tu, darasa lote linamnyang'anya. Wanalimalizia wao kwa kelele, wanacheka, na mwalimu anahamia kwa mwingine. Wale wepesi hawakunyang'anywa. Wale wazito walinyang'anywa kila mara.

Ikafika zamu ya binti yetu. Akasimama, akatoa silabi ya kwanza, akasita. Wakamnyang'anya. Akaketi. Mwalimu akasema, "Yule wa Tanzania bado yuko njiani, hajafika," na darasa likaangua kicheko.

Mama wee! Wa Tanzania! Mtoto amerudi nchini kwa baba yake akiwa hajaota hata meno ya mbele vizuri, analima udongo wa Muyinga, anakula vumbi la Muyinga, na bado ni wa Tanzania. Lakini hilo halikuniuma kama lile la kwanza. Nilisimama pale nikajiuliza, mtoto huyu tangu aanze shule amewahi kumaliza neno moja mwenyewe? Hata moja? Kila alipolishika, mtu mwingine amelivuta. Halafu wanasema hawezi.

Nilimngojea mwalimu mlangoni. Alikuwa kijana tu, viatu vyake vimejaa vumbi, amechoka. "Mama," alisema, "watoto ni wengi, unawaona. Nikimsubiri kila mmoja, jua litazama." Nilimwambia basi lizame! Nilimwambia na mengine ambayo hayaandikiki, maana huenda nikayasoma haya mbele ya watu wa kanisani. Watoto walitoka wote kuja kutazama, na mpwa wangu alijificha nyuma ya choo kwa aibu.

Nilirudi kwa kaka nikamwambia: Gitega namchukua, lakini anakwenda shule. Tukabishana mpaka wifi yangu akafunga mlango majirani wasisikie. Mwisho kaka akasema, "Haya. Mwaka wa shule ukiisha nitakuja mwenyewe. Akishindwa tena, utamtafutia nyumba, na hutaongeza neno."

"Na akifaulu?"

"Hafaulu huyu."

Wifi yangu alifunga nguo za mtoto kwenye kitenge. Aliponipa ule mzigo alinibana mkono mpaka ukauma.

Gitega naishi mtaa wa Waswahili, chumba na ua mdogo, na sokoni nauza chagua, yaani mitumba. Ukuta wangu wa uani ni mmoja na wa jirani yangu, mama wa Kiislamu, fundi cherehani. Anashona sare za shule na kanzu, na cherehani yake inalia tangu alfajiri. Tunasikiana kila kitu. Akipiga chafya mimi namwombea afya.

Nilimwingiza mtoto mwaka wa pili kwa mara ya tatu, na kila jioni nikitoka sokoni, kabla giza halijaingia, tulikaa uani na kitabu. Ilikuwa balaa. Alikuwa akisoma silabi, kisha ananitazama kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyezoea kupigwa. Nikinyamaza, anaogopa. Nikimsaidia, anaacha kabisa, anasubiri nimalize. Nikikasirika, na nilikasirika sana, anaufunika ukurasa wote kwa kiganja ili tusiuone, si mimi si yeye. Siku moja nilipiga kelele mpaka nikakohoa. Yeye akainuka taratibu akaniletea maji. Maji yale yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Kilichotuokoa ni ibada ya Jumapili. Na hapa lazima nieleze, maana si kila kanisa lina mambo haya. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea mhubiri asiyesoma mwenyewe. Biblia inashikwa na msomaji, anasimama kando ya mhubiri. Mhubiri anasema "Soma!" na msomaji anasoma kipande, maneno matatu, manne. Mhubiri akiinua mkono, msomaji anakata hapo hapo, hata kama sentensi imebaki inaning'inia. Mhubiri anakichukua kile kipande, anakigeuza, anatokwa jasho, anawasema wanaochelewa ibada, wanaosengenya, wanaouza maziwa yenye maji, kisha anarudi: "Soma!" Nimewahi kuona neno moja likihubiriwa kwa muda wa kutosha kuivisha mihogo. Na hakuna anayemcheka msomaji kwa kunyamaza. Kimya kile ni mali ya mhubiri.

Jumapili ile mpwa wangu alikuwa amekaa kando yangu, Biblia yangu ya Kiswahili imefunguka mapajani mwetu. Mhubiri akasema "Soma!" na kabla msomaji hajafungua kinywa, niliona midomo ya mtoto inacheza. Nikadhani anatafuna kitu. Mhubiri akahubiri, akarudi, "Soma!" Midomo ikacheza tena, na neno lililotoka mbele kwa msomaji ndilo lile lile nililoliona midomoni mwa mtoto. Alikuwa ameshalipata. Alikuwa na muda wote ule wa mahubiri wa kulitazama, kuligeuza, kulimaliza, na hakuna mtu wa kumnyang'anya.

Sikusikia mahubiri yaliyobaki. Nilikaa nimekunja ngumi nikimkumbuka yule kijana wa Butihinda na jua lake linalozama.

Jioni ile ile nilisimama uani, nikajifunga kitenge kiunoni, nikamwambia mtoto, "Leo mimi ni mhubiri. Wewe ni msomaji wangu. Simama hapa." Kitabu chao cha Kirundi kilikuwa na habari ya bibi na mbuzi wake, naiweka hapa kwa Kiswahili.

"Soma!"

"Mbuzi wa bibi," alisoma, kwa sauti ya kuku mgonjwa.

Nikainua mkono. "Mbuzi wa nani? Wa bibi! Si wa mkuu wa komini, si wa tajiri mwenye gari! Bibi ana mbuzi mmoja tu duniani, ndugu zangu, na bado kuna watu wanamwonea wivu! Soma!"

Nilipokuwa nikipiga kelele, macho yake yalikuwa kwenye ukurasa. Nilimwona. Alikuwa anatembea na lile neno polepole, hana haraka.

"Alikata kamba."

"Alikata kamba! Na kamba mbovu ile ilitoka wapi? Nawajua wanaouza kamba mbovu pale sokoni, hawana haya, wanakuapia kwa Mungu kwamba ni mpya! Soma!"

Mtoto akacheka. Alikuwa kwangu tangu maharagwe yalipovunwa, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Akasoma, nikahubiri. Nilihubiri juu ya mteja aliyejaribu sketi yangu akairudisha imechanika. Nilihubiri juu ya mwalimu wa Butihinda, juu ya kaka yangu, juu ya mvua. Mambo yaliyokuwa yananikaba kooni yote yalipata njia, na mtoto alipata muda. Tukawa hivyo kila jioni.

Mjinga mimi. Nilidhani kazi imekwisha.

Mwalimu wake wa Gitega, mwanamke mnene mwenye miwani, alinisimamisha sokoni. "Mama, huyu mutoto wako iko nasoma maneno tatu, muzuri kabisa," alisema. "Kisha ananyamaza, ananiangalia tu. Mi sijui nangoja nini."

Mimi nilijua. Alikuwa anangoja "Soma!" Alikuwa anangoja mwalimu ahubiri. Na huku anangoja, darasa la Gitega likamfanya kama lile la Butihinda, likamnyang'anya sentensi na kuimalizia kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi na kitabu kimefungwa. Hakutaka kusimama uani siku ile, wala iliyofuata. Nilikasirika. Nilimkasirikia mwalimu, nikawakasirikia watoto wa watu, nikamkasirikia na mhubiri wa kanisani ambaye hakuwa na kosa lolote. Na mwaka wa shule ulikuwa umebaki kidogo tu.

Jioni ya tatu nilimsimamisha kwa nguvu. Habari ilikuwa mpya, ya mbuzi yule yule, sasa ameingia katika shamba la jirani. "Soma!" nikasema. Akasoma kipande. Nikainua mkono, nikaanza kuhubiri kwa hasira zote za wiki ile, na nilikuwa nimefika kwenye bei ya marobota ya nguo, mara cherehani upande wa pili wa ukuta ikanyamaza.

"Weye dada!" jirani yangu akapaza sauti. "Funga kinywa! Wacha mutoto asome! Mi iko hapa nangojea kujua ile mbuzi ilifanya nini, na weye kila siku unaleta mambo ya chagua yako!"

Nilibaki na mkono juu. "Nani kakuambia usikilize?"

"Ukuta ni wetu wote. Mi ni Mwislamu, mahubiri yako hainihusu. Mi nataka mbuzi tu. Mutoto wangu, ile mbuzi ilikula maharagwe ao haikukula?"

Ningemjibu. Naapa nilikuwa na jibu, refu na chafu. Lakini mtoto alikuwa ameinua uso akiutazama ukuta kwa mshangao. Mtu mzima, fundi mzima, ameacha sare za watu ili amngoje yeye. Akauinamia ukurasa. Akasoma kipande, akasita. Mimi nikauma ulimi. Upande wa pili kimya, hata mkasi haukulia. Akalimaliza neno. Akaendelea. Akasita tena, muda mrefu, mpaka nikahisi jasho linanitoka mgongoni, kisha akalimaliza na lile.

"Ehe!" jirani akasema. "Na kisha?"

Tangu siku ile sikuruhusiwa kuhubiri. Nilikaa kwenye kigoda katika ua wangu mwenyewe, ninaolipia kodi mimi, nikinyamazishwa na mtu ambaye simwoni. Hadi leo sijamsamehe kabisa, ingawa nguo zangu zote za kupunguza nampelekea yeye.

Siku ya mtihani wa kusoma, mwisho wa mwaka wa shule, kaka yangu alifika kutoka Muyinga na gari la asubuhi. Alikuwa amevaa koti. Mwalimu aliwaruhusu wazazi wakae nyuma, basi tukabanana kwenye benchi la watoto, magoti yetu yanagusa kidevu. Kaka alininong'oneza, "Nyumba umeshaitafuta?" Nilimpiga kiwiko tu. Tulikuwa mbele za watu.

Waliitwa mmoja mmoja. Ikafika zamu yake. Alikuwa mrefu kuliko wote, magoti yake yalionekana chini ya sare. Mwalimu akamfungulia ukurasa ambao hatukuwahi kuusoma, si wa mbuzi, wa watu wanaovuka mto. Akasoma mstari wa kwanza wote. Kaka akaacha kuchezea kofia yake. Mstari wa pili ukawa na neno refu la Kirundi, yale marefu kama njia ya kwenda Buraza. Akalianza, akasita. Na darasa, lile darasa, likavuta pumzi kwa pamoja. Nililisikia likivuta. Watoto wa mbele wakaanza kulitaja.

Mpwa wangu akawageukia. "Nimurindire," alisema. Ngojeni. Hakupiga kelele. Mwalimu akagonga meza mara moja, na darasa zima likanyamaza.

Akalitazama lile neno. Kuku walikuwa wanaparua nje chini ya dirisha, tunawasikia. Kisha akalisoma, lote, mpaka mwisho wake, akaendelea na mto wake na watu wake mpaka wote wakavuka.

Nililia, na msidhani ni furaha. Nililia kwa hasira. Miaka yote ile, kumbe walichomnyima ni kungojwa tu! Kungojwa! Tulikimbia na magodoro vichwani, tukarudi na magodoro vichwani, tukangoja mistarini siku nzima kwa kikombe cha unga, na hapakuwa na mtu wa kumngoja mtoto mmoja amalize neno. Kaka alinipa leso yake. Nikaikataa.

Mwalimu alisema mtoto amepanda mwaka wa tatu. Alisema mbele ya kaka, na kaka alimshika mwalimu mkono kwa mikono miwili, na njiani kurudi alimsimulia kila tuliyemjua na tusiyemjua kwamba binti yake anasoma.

Nyumbani nilipika. Jirani akatuletea sahani ya pilau juu ya ukuta. Kaka akala, akashiba, akajiegemeza, na nikaiona ile sura yake ya Butihinda, sura ya mtu aliyesubiri watu washibe.

"Kuna watu hapa Gitega," alisema, "wana bibi mzee, mgonjwa. Wanataka binti anayejua kusoma, asichanganye dawa. Sasa huyu ndiye hasa. Kwa binti anayesoma wanatoa zaidi."

Sikuamini masikio yangu. Nilisimama. Maneno yote ya ukoo wetu, tangu ya babu, yalinijaa mdomoni. Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele yangu na birika la kumnawisha baba yake, na alikuwa amefungua kinywa.

"Baba," alisema. Akasita.

Nikafunga mdomo wangu. Sijui niliwezaje, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya tangu nizaliwe. Kaka alinitazama mimi, si yeye, akingoja nimjibie kama kawaida yangu ili tugombane na yaishe. Nikatazama ukuta.

"Baba, mimi siendi," mtoto alisema. "Nakwenda mwaka wa tatu."

"Na nani atakununulia madaftari?"

Akakaa kimya. Kaka alianza kutabasamu, kama mtu aliyeshinda. Mtoto aliweka birika chini taratibu lisimwagike, akanyooka, akamtazama usoni.

"Wewe," alisema. "Si ndiwe baba yangu?"

Tabasamu la kaka likaisha. Alijinawisha mikono mwenyewe, akalala mapema bila kuniaga. Asubuhi alirudi Muyinga peke yake. Kabla ya gari kuondoka alipita dukani, na mtoto aliyekwenda kumsindikiza akarudi nyumbani amebeba madaftari kifuani kwa mikono miwili.